Ile ya Tamu Usiache

Moraa mwanangu,

Umeenda kuaga wenzako wa kwaya na umeacha begi lako mlangoni, limefungwa tayari, viatu vipya juu yake. Mimi nimekaa nje kwenye kile kiti cha plastiki ambacho mguu wake umefungwa waya, daftari liko gotini. Mambo ya kubeba sweta hata kama Lodwar ni joto, mambo ya kupiga simu ukifika Kitale, hayo mama yako amekwambia mara tatu kutoka Nyamira na atakwambia ya nne. Sitayarudia. Nataka kuandika yale ambayo mdomo wangu hauwezi. Mimi na wewe tunajua kwamba nikianza kuyasema nitaishia kuzungumzia mvua.

Jumapili iliyopita tukila ulisema huendi. Ulisema ukiangalia sahani, "Tata, kazi nyingine itapatikana. Nani ataangalia miguu?" Nikakujibu kwa ukali kwamba miguu ni yangu. Hilo halikuwa jibu. Jibu ninalo sasa na nitakupa kabla sijamaliza, lakini kuna jambo la pazia ambalo tumeliruka mwaka mzima na nusu, na siwezi kufika kwenye jibu bila kupita hapo.

Maumivu yalinianzia katikati ya shamba la chai. Nilikuwa kwenye laini yangu, kikapu mgongoni, nikahisi siafu wameingia ndani ya gambuti. Unajua siafu wanavyouma. Nikatupa kikapu, nikakaa kwenye matope, nikavua gambuti zote mbili na kuzikung'uta. Hakuna kitu. Nikavua soksi. Hakuna kitu, ni miguu yangu tu, safi, imetulia, na bado inaumwa na siafu. Supavaisa akaniambia, "Ombati, wengine wanafuga ng'ombe, wewe unafuga siafu wasioonekana." Laini yote ikacheka. Mimi nilicheka pia, lakini niliogopa. Nilikuwa nimeumwa na vitu vingi katika maisha yangu, na kila kimoja nilikiona. Sikuwa nimewahi kuumwa na kitu ambacho hakipo.

Usiku ikawa moto. Shuka likigusa vidole nilihisi kama mtu ameweka makaa. Nililala na miguu nje ya blanketi, katika baridi hii ya Kericho, na bado inaungua. Wewe ulikuwa umelala upande wako wa pazia na hukujua. Ulikuwa ndiyo umemaliza chuo cha ualimu, umekuja kukaa nami ukingoja kazi, na mimi sikutaka uanze maisha yako kwa kumhurumia baba.

Kliniki walikuwa wameshaniambia nina sukari, na walikuwa wamenipa vidonge. Nilivimeza kwa muda nikaviacha. Nitakwambia kwa nini, na usicheke. Vile vidonge havikuwa vichungu, havikuwasha, havikuwa na harufu. Sikuamini dawa ambayo ukiimeza haikwambii kitu. Mimi nililelewa na dawa ambayo inakukunja uso.

Ndiyo maana nilienda kwa yule mama wa Sosiot anayeuza mizizi na majani karibu na soko la ndizi. Wote wanamwita Kogo, yaani nyanya kwa Kikipsigis, na mimi pia nikamwita hivyo. Nilimweleza yote. Alinisikiliza vizuri kuliko nilivyotarajia. Kisha akasema, "Toa fiatu nione." Nikakataa. Mzee mzima nikae sokoni nimwonyeshe mama wa watu nyayo zangu, huku watu wa laini yangu wakipita kununua nyanya? Nikamwambia miguu iko sawa, ni moto tu. Akaniangalia kidogo, akafunga vifurushi vitatu. Kimoja cha pilipili kichaa ya kuloweka kwenye mafuta na kupaka. Kimoja cha yale majani ya kuwasha yanayoota nyuma ya vyoo, ya kujichapia nyayo na mengine ya kuchemsha. Cha tatu magome ya kunywa. Akasema, "Hii ni ya kupoza moto tu. Ile ya tamu usiache."

Nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha njia yote. Hospitali walikuwa wamenikataza chai ya sukari, na chai ya sukari, Moraa, ndiyo kitu pekee kizuri kilichokuwa kimebaki katika siku yangu. Sasa hapa kuna mama mwenye ujuzi wa miaka na miaka ananiambia ile ya tamu nisiache. Nikaweka vijiko vitatu jioni hiyo hiyo. Ukaniuliza, nikasema nimeruhusiwa. Sikusema na nani.

Nataka kuwa mkweli kuhusu hizo dawa, kwa sababu utakutana na watu watakaokwambia ni upuzi na wengine watakaokwambia zinaponya kila kitu, na wote hawajazipaka. Mafuta ya pilipili mara ya kwanza yaliweka moto juu ya moto, nikauma taulo nisilie ukasikia. Baada ya siku kadhaa yakaanza kunipa saa mbili za kupumzika, wakati mwingine tatu. Yale majani ya kuwasha yalinishangaza zaidi. Nilijichapa nyayo, malengelenge yakatoka, ikawasha vibaya sana, na ile raha niliyoipata siwezi kueleza. Ilikuwa maumivu yenye mwenyewe. Nilijua yametoka wapi na nilijua yataisha. Yale mengine yakanyamaza kwa muda kama watoto wanaomsikia mgeni mlangoni.

Niliendelea hivyo wiki nyingi, nyuma ya pazia, taa imezimwa. Kidogo kidogo majani yakaacha kuwasha. Nikachuma yaliyo machanga, yenye sumu zaidi. Nikajichapa. Kimya. Siafu nao wamekwenda. Shuka linagusa vidole na hakuna kitu. Nilikaa kitandani nikashika miguu yangu kwa mikono miwili nikamshukuru Mungu kwa sauti, ukaniuliza kutoka upande wako kama niko sawa. Nikasema, "Nimepona."

Jumapili ile unaikumbuka. Nilisimama kanisani nikatoa ushuhuda. Nilisema Mungu ameweka dawa nyuma ya vyoo vyetu na sisi tunapita tukiziba pua. Watu wakapiga makofi. Mama wawili wa laini ya tatu wakaniuliza Kogo anakaa upande gani wa soko. Baadaye nililazimika kwenda mlango kwa mlango kwa hao mama kuyarudisha maneno yangu. Hakuna kikapu cha majani nimebeba kizito kama ile safari ya nyumba mbili.

Kwa furaha nikaongeza dawa. Majani yaliyobaki niliyachemsha kwenye sufuria kubwa, nikamimina kwenye beseni nikaingiza miguu. Niliona mvuke. Niliuona kwa macho yangu, Moraa, na nikajiambia maji yamepoa, kwa sababu miguu ilisema yamepoa. Nilikaa pale nikinywa chai yangu. Nilipoitoa, ngozi ya mguu wa kulia ilikuwa inatoka kama ya kiazi kilichochemshwa. Na sasa sikiliza ujinga wa baba yako. Nilifurahi. Nilifikiri ule ni uchafu wa ugonjwa unatoka. Nikafunga kitambaa, asubuhi nikavaa gambuti, nikaenda kuchuma. Nilichuma vizuri siku hiyo. Na iliyofuata. Nilitembea kwenye miteremko ile yote juu ya nyama, nikipiga mluzi.

Wewe ndiye uliyesikia harufu. Ulifikiri panya amekufa. Ulihamisha sanduku la nguo, ukafagia chini ya meza, ukamwaga maji ya dawa. Halafu ukasimama mbele ya pazia.

Unajua kwetu mtoto mkubwa haoni kitanda cha baba yake. Ndiyo chinsoni, haya na heshima kwa neno moja, na mama yako alikulea nayo tangu ulipoanza kuota meno ya pili. Katika nyumba ya chumba kimoja, lile pazia la maua ndilo lilikuwa chinsoni yetu yote. Ulikohoa. Ukasema, "Tata, naomba kuingia." Nikasema hapana. Ukasema tena. Nikasema hapana. Ukavuta pazia.

Maneno niliyokwambia sitayaandika. Uliyasikia mara moja na hiyo imetosha. Nitaandika tu kwamba nilikutaja wewe na mama yako katika sentensi moja, na kwamba nyumba ya jirani walizima redio ili wasikie vizuri.  Ulipiga magoti, ukafungua kile kitambaa, na mimi nikaendelea kukutukana juu ya kichwa chako. Halafu ukauliza kwa sauti ya chini sana, "Tata, unahisi?"

"Nahisi nini?"

"Kidole changu kiko ndani ya kidonda."

Nikaangalia. Kilikuwa ndani. Kilikuwa ndani ya mguu wangu mwenyewe na mimi nilikuwa nahisi kama unashika mguu wa meza. Hapo ndipo niliponyamaza. Nimekuwa kwenye radi juu ya kilima bila mahali pa kujificha, nimeona mti ukipasuliwa hatua kumi kutoka nilipo, na sikuogopa hivyo. Nilihisi kama nimegundua kwamba nusu yangu ilikwenda zamani na haikuaga.

Hospitali ulikuwepo, lakini ulikuwa umesimama ukutani ukiangalia dirisha, kwa hivyo labda hukuona uso wangu. Sista alikuwa na uzi mgumu wa plastiki umefungwa kwenye kijiti. Akasema nifunge macho, akinigusa niseme ndiyo. Nikafunga. Nikangoja. Nikasikia mtoto analia chumba cha pili. Nikasikia gari linarudi nyuma huko nje. Nikasema, "Sista, anza basi." Akasema, "Mzee, nimemaliza. Nimekugusa mara kumi kila mguu."

Walikata vidole viwili. Hukulia mbele yangu, nakushukuru kwa hilo.

Yule sista hakuwatukana watu wa majani, na hiyo ndiyo sababu nilimsikiliza. Alisema hata wao wana dawa ya kupaka iliyotokana na pilipili, na kwamba Kogo hakunidanganya. Majani hayakuua miguu yangu. Sukari ndiyo iliiua, huku majani yakinifurahisha. Akachora kwenye karatasi. Alisema kuna mshipa wa fahamu, mwembamba kama uzi, unaotoka mgongoni hadi kwenye kidole cha mguu, mmoja, mrefu kuliko yote mwilini. Sukari ikizidi huanza na iliyo mirefu, ndiyo maana vidole vya miguu hufa kwanza, vilivyo mbali kabisa na kichwa. Kabla ya kufa huo uzi hupiga kelele. Wale siafu walikuwa ni hizo kelele. Nilibeba hiyo karatasi mfukoni mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Nilikuwa mtu wa darasa la sita anayejua chai na mbolea, na ndani yangu kulikuwa na uzi wa urefu huo, miaka yote hiyo, ukinipelekea habari za kila jiwe nililokanyaga. Hata siku moja sikuuliza habari hizo zinapita wapi. Hadi leo nikiona mtoto anatembea peku kwenye kokoto, anaruka ruka na kusema aah, nasimama kumwangalia. Watu wanafikiri nimechanganyikiwa.

Nilipoweza kutembea na fimbo nilienda Sosiot kugombana na Kogo. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikamwambia, "Uliniambia ile ya tamu nisiache."

"Ndiyo, nilikuambia. Uliacha?"

"Sikuacha. Niliweka vijiko vitatu kila jioni, na angalia."

Akaniangalia kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali. "Fijiko fya nini?"

"Vya sukari. Ya tamu."

"Mimi sikusema sukari. Nilisema tamu." Akajishika mkono, akabana ngozi kwenye kifundo mpaka mshipa ukasimama. "Tamu. Hii. Ile tawa ya tamu walikupa hospitali."

Damu. Alikuwa anasema damu. Dawa ya damu usiache. Vile vidonge. Nilikuwa nimeishi kati ya Wakipsigis miaka kumi na tisa, najua wanavyoigeuza d ikawa t, nimewahi kuwacheka kwa hiyo. Siku hiyo moja ndiyo sikujua. Nilisikia nilichotaka kusikia, kwa sababu nilikuwa na hamu ya chai.

Tukaangaliana. Kogo akaanza kucheka, na mimi nikacheka, mpaka akafuta macho kwa kanga yake. Akasema, "Na nyinyi Wakisii mkisema 'tunaenda kura', mtu hajui mnaenda kwa sufuria ama kwa uchaguzi." Halafu akaacha kucheka ghafla, akaangalia kiatu changu mahali kilipokuwa kimebonyea bila vidole. "Nilikuambia toa fiatu nione," akasema. "Hiyo nayo ulisikia nini?"



Nimeifikiria sana hiyo, Moraa, jinsi nilivyoogopa kuonekana miguu. Kogo nilimficha kwa haya ya sokoni. Wewe nilikuficha kwa chinsoni. Chinsoni ni kitu kizuri, nisikudanganye, imetulea sote. Lakini mimi niliitumia kama mtu anayejificha nyuma ya mgongo wa mama yake. Nilikuwa naogopa tu. Siku ulipovuta lile pazia ulinipa heshima kuliko yeyote aliyewahi kuniinamia. Nilikutukana kwa hilo, na sijakuomba msamaha mpaka leo. Nakuomba sasa. Ukinisamehe usije kuniambia, utaniliza mbele ya begi. Nitajua tu.

Kuna kitu kingine nilichojifunza kwenye kile kitanda cha hospitali, na hiki ni kati yangu na mama yako, lakini wewe ni mtu mzima. Zamani mama yako alikuwa akinililia. Nilikuwa nikienda Nyamira Krismasi na siku za mazishi tu, na kila mara tuligombana juu ya hilo, hata mbele yenu. Halafu akaacha. Nikienda, ananipikia. Nisipoenda, anasema sawa. Nilifurahi, nikawaambia wenzangu hapa kwamba mke wangu amekuwa mtulivu. Nikiwa pale kitandani, mguu juu ya mto, nikakumbuka nilivyopiga mluzi ndani ya gambuti, nikaufikiria upya huo utulivu wake. Nikampigia simu. Nilimuuliza kama bado anahisi kitu nikikosa kuja.  Akasema, "Kidogo. Upande mmoja." Sasa naenda kila mwisho wa mwezi, umeona. Ananigombeza sana siku hizi. Naenda nikiwa na hamu ya kugombezwa.

Huko uendako kitu kikikuuma, usikimbilie kukinyamazisha. Na kikinyamaza chenyewe, kiguse kwanza.

Sasa jibu lako. Unamkumbuka Mzee Arap Koros, aliyekuwa karani wa mizani ya majani ya chai. Sukari yake imekwenda machoni. Anaona mwanga na vivuli, basi. Tulikuwa tukikaa benchi moja kliniki, nami nikawa namsomea maandishi kwenye pakiti za vidonge. Wiki hii, baada ya yale maneno yako ya Jumapili, nilimweleza. Nikasema binti yangu hataki kwenda kazini kwa ajili ya nyayo za mzee. Akauliza, "Yeye anafanya nini hasa?" Nikasema anaangalia, anapitisha mkono, anatafuta kidonda au mahali penye joto. Akasema nyumbani kwake yuko na mke wa mwanawe tu, na hata kwao mkwe hashiki miguu ya baba mkwe, kwa hivyo miguu yake mwenyewe haijaangaliwa na mtu tangu mkewe afariki. Kisha akasema, "Wewe una macho lakini huna miguu. Mimi nina mikono lakini sina macho. Tukiunganishwa tunatosha mtu mmoja na nusu."

Jumanne alikuja ulipokuwa mazoezini. Tulikaa kama wachumba, hakuna anayetaka kuanza. Mwishowe nikavua. Ile mikono yake ilipima majani miaka thelathini, Moraa, na sasa haina macho ya kuisumbua. Alianza kisigino, akaenda polepole, akafika chini ya kidole kikubwa cha mguu wa kushoto akasimama. "Hapa iko moto kuliko ile ingine." Nikaangalia, nikageuza kwenye taa, sikuona kitu. Wewe mwenyewe uliangalia usiku ule na hukuona kitu, nami sikukwambia alichosema. Jumatano nilienda kliniki kabla ya kazi. Sista akaweka mgongo wa mkono wake pale pale, akasema kiatu kinabana, ningechelewa wiki moja pangepasuka. Amenikatia soli laini ya kuweka ndani. Nimekaa kwenye ile kazi ya kitalu niliyopewa baada ya vidole kukatwa siku tatu, nikijaza udongo kwenye vipolithini vya miche, nikifikiria mtu asiyeona aliyeona ndani ya ngozi. Mimi nami nilimkuta na ukucha umeingia kwenye nyama. Hakujua. Umeshughulikiwa.

Ni kila jioni, baada ya chai isiyo na sukari. Tumekubaliana hata mvua inyeshe. Tumekubaliana pia kwamba hakuna kusema "iko sawa" kabla mkono haujafika kwenye kidole cha mwisho.

Kwa hivyo kesho asubuhi beba hilo begi. Ukinikumbuka huko, kumbuka watoto wa watu wanaokungoja wafundishwe kushika kalamu. Kama kuna siku utahitaji kurudi, rudi. Lakini usirudi wala usikae kwa ajili ya nyayo zangu. Namsikia Arap Koros anakuja, fimbo yake inagonga mawe ya njia, na ameanza kuniita kabla hajafika, anauliza kama nimevua soksi au bado naandikia serikali. Nimevua.

Nenda, Moraa. Miguu ina mtu.

Ni mimi niliyekuzaa nikiwa na vidole kumi,
Ombati, tata wako